Kupata kazi ya kusimamia biashara: anza na hesabu ulizowahi kuzishika

Nasimamia tawi la kampuni inayosambaza vyakula kwa jumla Dar es Salaam, na nimekaa mara nyingi kwenye jopo la usaili wa wasimamizi wa stoo, wa mauzo na wa matawi. Wengi wanaokuja wana vyeti vizuri vya uongozi wa biashara, vya vyuo kama CBE, IFM au Mzumbe. Tunayemtafuta ni mtu aliyewahi kukabidhiwa mali ya mwenzake akaitolea hesabu. Kama umewahi, hata kwenye kibanda, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua cheo

Matangazo mengi hayaandiki "meneja wa biashara". Yanaandika msimamizi wa tawi, meneja wa zamu, msimamizi wa mauzo wa kanda, ofisa ugavi. Chagua viwili vinavyokaribiana, utafute hivyo tu. Nafasi nyingi za serikalini hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Jaza taarifa zako mapema, maana kupakia vyeti siku ya mwisho kunawaangusha watu. Kwa kampuni binafsi, waambie pia wahasibu, madereva na mawakala wa mauzo unaowafahamu. Hao husikia nafasi kabla haijatangazwa. Anayekudai hela ili akuunganishe na kazi, achana naye.

Hatua ya 2: Toa namba kwenye daftari, ziweke kwenye CV

Hapa ndipo ninapokaa na vijana muda mrefu kuliko pote. Dada mmoja aliniletea CV iliyoandikwa "nimesaidia biashara ya familia". Nikamuuliza alisaidia nini. "Kaka, nilikuwa nauza tu dukani kwa shangazi, Mbagala." Nikamwomba alete daftari la madeni. Kumbe alikuta mafundi wanadaiwa Sh 3,400,000 za saruji, nondo na misumari. Akampa kila fundi ukurasa wake na sahihi yake, mwenye deni hapati mzigo mpya mpaka alipe nusu, na kila Ijumaa jioni akawa anawapigia simu kwa sababu wengi wao walilipwa Jumamosi. Baada ya miezi 6 deni lilibaki Sh 900,000.

Tukaandika upya: "Nilisimamia duka la vifaa vya ujenzi; nilishusha madeni ya wateja kutoka Sh 3,400,000 hadi Sh 900,000 ndani ya miezi 6 kwa kuweka ukomo wa mkopo." Mstari huo ndio uliompatia usaili.

Tafuta yako: mauzo, upotevu, bidhaa zilizoisha muda, idadi ya watu uliowapangia zamu. Andika ile unayoweza kuieleza ukiulizwa ilikuwaje.

Hatua ya 3: Zifahamu karatasi za meneja

Jifunze kusoma ripoti ya siku ya mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kodi) na kuilinganisha na fedha iliyopelekwa benki. Jua kwamba PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata na ritani (taarifa ya kodi) ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, hupelekwa ifikapo tarehe 20. Excel ya kujumlisha na kuchuja inatosha kuanzia.

Hatua ya 4: Jiandae kwa swali la stoo

Nilipofanya usaili wangu wa kwanza niliulizwa: asubuhi umekuta katoni 14 za mafuta ya kula hazipo, utafanya nini? Nikaeleza nadharia za uongozi nilizosoma darasani. Mama mmoja wa jopo akanisikiliza, kisha akauliza, "Kijana, muda wote huo unaozungumza, mlango wa stoo umefungwa au uko wazi?" Sikupata kazi ile.

Leo mimi ndiye ninayeliuliza. Simamisha utoaji wa mzigo. Hesabu upya pamoja na mtu ambaye hakuwa zamu. Linganisha na hati za kupokelea na za kutolea mzigo, pamoja na mali iliyorudishwa na wateja, kwani upungufu mwingi huonekana hapo. Andika ulichokikuta, mpe taarifa bosi wako siku hiyohiyo. Wanaokimbilia kusema watamkata mtunza stoo mshahara huwa tunawaacha. Sheria ina utaratibu wake wa makato.

Hatua ya 5: Soma mkataba, kisha hesabu

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kada ya menejimenti inaweza kupewa mkataba wa muda maalumu, na anayesimamia wenzake huku akiripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahusiki na masharti ya saa za kazi. Kwa hiyo malipo ya saa za ziada yazungumze kabla ya kusaini.

Siku ya kuripoti utaletewa hati ya makabidhiano. Omba siku nzima, ingia stoo na anayeondoka, hesabuni katoni kwa katoni, na kila upungufu uandikwe kabla hujaweka sahihi yako.