Simu ya modemu inapokatika kabla ya kuingia kwenye seva

Ikiwa seva yako ya Windows, yaani kompyuta kuu ya ofisi, iko Mwanza mjini na wenzako wa Nansio au Sengerema huipigia kwa modemu (kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu) kupitia simu ya mezani, usiguse mpangilio wowote kabla hujajua simu yao ilifika wapi ndipo ikakatika. Waulize namba ya kosa waliyoiona, si maelezo yao.

Namba 680 inaonyesha kuwa modemu ya mpigaji haikusikia mlio wa laini, na 676 kuwa laini ina shughuli. Kwa 680 seva haina hatia. Namba 678 ina maana kwamba upande wa pili haukuitika. Chomeka simu ya kawaida kwenye waya wa modemu ya seva, kisha upigiwe: simu ikilia vizuri, shaka inahamia kwenye modemu yenyewe. Kandokando ya ziwa letu radi ni nyingi, nayo hupita kwenye waya wa simu hata pale umeme ulipokingwa, na modemu iliyopigwa huweza kuendelea kuwaka taa huku imekuwa kiziwi. Jaribu modemu nyingine kwanza.

Namba 691 ndiyo inayopoteza muda mwingi, kwa kuwa kila mtu hukimbilia kubadilisha neno la siri, ilhali kosa hilohilo hutokea pia mpigaji anapotumia njia ya uthibitisho ambayo seva haikuiruhusu. Linganisha mipangilio ya pande zote mbili, na uhakikishe kwamba jina la domeni (kundi la kompyuta na akaunti za ofisi) limeandikwa. Akaunti isiyo na ruhusa ya kupiga simu kwa kawaida huleta 649, na dawa yake imo katika sifa za mtumiaji huyo.

Jina likikubaliwa kisha ikaja 720, kompyuta mbili zimeshindwa kuafikiana juu ya itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandao. Chunguza anwani: seva huomba anwani za IP (namba za kutambulisha kompyuta mtandaoni) kumi kumi kutoka DHCP, huduma inayozigawa, na isipozipata hugawa zinazoanza na 169.254, ambazo hazifiki popote ofisini. Mimi hupendelea kuitengea seva fungu la anwani za kudumu.

Mpigaji akiunganishwa lakini akaiona seva peke yake, bila kompyuta nyingine za ofisi, ruhusu upitishaji wa IP (seva kupitisha mawasiliano hadi kompyuta nyingine) katika sifa za seva, kisha apige upya.