Kabla hamjaenda kusikiliza majibu ya saratani ya mdomo: mambo ya kuzingatia kwa ndugu wa Mtwara na Lindi

Siku hizi majibu ya kinyama, kile kipande kidogo kinachokatwa kwenye kidonda kwenda kupimwa, yanaweza kurudi na maneno kibao, p53, Ki-67, EGFR, p16, alafu ndugu wakiona asilimia wanaanza kugugo usiku kucha, asubuhi mmoja analia mwingine anashangilia na wote hawana sababu. Hizo ni protini tu, maabara wanakata kinyama chembamba sana wanakipaka dawa inayong'ang'ania protini wanayoitafuta, ikiwepo panageuka kahawia, ndo wanaangalia ni seli ngapi zimegeuka na kwa ukali gani.

Sasa kabla ya hizo protini, kwenye ripoti tafuteni kwanza ukubwa wa uvimbe, umezama milimita ngapi, na tezi za shingo zimeingiliwa au bado. Tangu 2018 kuzama kunahesabiwa kwenye hatua ya ugonjwa, yaani kidonda cha ulimi chini ya sentimita 2 kinaonekana kidogo lakini kikizama kupita milimita 5 hakiitwi tena T1, yaani ngazi ya chini kabisa ya ukubwa. Na tezi za shingo jamani ndo habari yenyewe, zikishaingiliwa nafasi ya kupona inashuka karibu nusu. Kiukweli hakuna Ki-67 itakayokwambia zaidi ya hapo. Kinyama kidogo hakitoi hivyo vyote lakini, kuna vingine mpaka picha ya CT, na vingine mpaka operesheni ipite ndo wapime na kingo za nyama iliyokatwa kama zimebaki safi, hazina saratani.

Msije mkakatishwa tamaa na p53. Ikiharibika mara nyingi inajazana kwenye seli na rangi inakuwa kali, ila kuna uharibifu mwingine unaifuta kabisa, kwahiyo hata sifuri sio lazima iwe habari njema. Ki-67 inaonyesha seli ngapi zinagawanyika, EGFR iko juu kwa wagonjwa wengi wa saratani hii, sasa ikiwa juu kwenu imewaambia nini kipya? p16 ndo inachanganya watu zaidi: kwa saratani ya tonsili na shina la ulimi, ikiwa chanya matumaini yanakuwa mazuri zaidi, mtu anasoma hiyo anaihamishia kwenye ulimi wa mbele au shavu, wakati huko haina uzito huo. PD-L1, protini nyingine mnayoweza kuikuta, ni ya kupanga dawa zinazosaidia kinga ya mwili kupigana na saratani, zaidi ugonjwa ukirudi au ukisambaa. Kwahiyo mkiandikiwa kipimo cha ziada mwulizeni dokta kwa heshima tu, kitabadilisha matibabu? Kama hakibadilishi na hela ni ya mavuno ya korosho, mi ningeipeleka kwenye CT na nauli. Wenye bima ulizeni mapema kama kipimo hicho kimo kwenye bima.

Kama bado kinyama hakijapelekwa na mmepewa nyinyi mkibebe, hakikisheni kiko kwenye formalini, sio maji wala spiriti, chombo kifungwe vizuri maana inawasha. Kinyama kikiharibika njiani hata vipimo vya protini vitadanganya. Na mkipewa rufaa ya Dar, kabla hamjaondoka ombeni kopi ya ripoti pamoja na bloku, ile ya nta yenye kinyama, na slaidi zake. Bloku inakaa miaka, Muhimbili au Ocean Road wakitaka kupima kingine wanaikata hiyohiyo, mgonjwa hachokonolewi tena.

Meno! Hili linasahaulika sana. Kama kuna mionzi mbele, mabovu yang'olewe kabla, yapate kama wiki mbili za kupona, kwa sababu taya likishapigwa mionzi linapona kwa shida na mfupa unaweza kuoza. Nendeni kwa daktari wa meno hospitali ya Ligula kule Mtwara au Sokoine kule Lindi huku mkisubiri majibu, msikae bure. Ugoro na sigara viachwe siku hiyohiyo, mionzi haifanyi kazi vizuri kwa anayeendelea kuvuta, najua babu atasema kazoea.

Ndani ya chumba cha dokta waingie wawili na mgonjwa, mmoja wa kuandika. Huku kwetu mjomba ana neno lake, basi aelezwe mapema au awepo, isije ikawa mmekubali operesheni kule halafu ukoo unaanza upya kikao kule Newala.

Chakula kiandaliwe laini tangu sasa, uji uliochanganywa korosho zilizosagwa unampa nguvu, akianza kushindwa kumeza semeni haraka mpira wa kulishia uwekwe kabla hajaisha mwili. Alafu tafuteni ndugu wa kufikia Dar, mionzi ya huku shingoni mara nyingi ni wiki 6 hadi 7, siku 5 kwa wiki, na atakayempokea awe na blenda na moyo wa kusaga chakula kila siku.