Somo: Kuchora taksi ya Kampala kwa klasi na methodi

Wengi wanaojifunza Python huvuka `if` na `for` bila shida, ila wakifika kwenye klasi wanakwama. Mimi naona kosa ni letu tunaofundisha. Tunamwambia mtu "klasi ni ramani ya kitu" kabla hajawahi kuhitaji ramani yoyote. Leo twende kinyume: tuchore kwanza, tuchoke kidogo, klasi itajileta yenyewe.

Tutachora taksi. Nasema ile ya abiria 14, nyeupe, yenye mkanda wa viraba vya buluu ubavuni kama ubao wa drafti. Mkenya ataiita matatu, Mtanzania daladala, hapa Uganda ni taksi na hatutabishana. Nimeichagua kwa sababu ukiitazama vizuri ni mistatili na maduara tu, na kwa sababu ukisimama juu ukaangalia Old Taxi Park, stendi ya taksi ya Kampala, utaona mamia yake, sura moja, kila moja mahali pake. Shikilia picha hiyo.

Hatua ya kwanza: kalamu

Fungua faili mpya uiite `taksi.py`. Usiiite `turtle.py`, jina la maktaba ya Python tutakayochorea! Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikapoteza jioni nzima, umeme ukakatika kabla sijajua kosa. Ukiipa faili yako jina hilo, Python inaposoma `import turtle` inaingiza faili yako badala ya maktaba yenyewe, kisha inalalamika kwamba `turtle` haina `Turtle`. Unabaki kushangaa.

```
import turtle

kalamu = turtle.Turtle()
kalamu.speed(0)
```

Huyo `kalamu` ni kobe mdogo anayetembea kwenye skrini akiacha wino nyuma yake. Asili yake ni Logo, lugha ya mwaka 1967 ya kufundishia watoto, ambayo baadaye ilipata kobe wa kweli: roboti iliyotambaa sakafuni ikiburuta kalamu. Katikati ya dirisha ni (0, 0), x inaongezeka kwenda kulia, y kwenda juu.

Na hapa, bila kujua, umeshatumia klasi. `Turtle` ni klasi, `kalamu` ni kitu kilichotengenezwa kutoka kwake, `speed` ni methodi yake, yaani jambo analojua kulifanya.

Hatua ya pili: maumbo mawili

```
def mstatili(x, y, upana, kimo, rangi):
    kalamu.penup()
    kalamu.goto(x, y)
    kalamu.pendown()
    kalamu.fillcolor(rangi)
    kalamu.begin_fill()
    for i in range(2):
        kalamu.forward(upana)
        kalamu.left(90)
        kalamu.forward(kimo)
        kalamu.left(90)
    kalamu.end_fill()

def duara(x, y, nusukipenyo, rangi):
    kalamu.penup()
    kalamu.goto(x, y - nusukipenyo)
    kalamu.pendown()
    kalamu.fillcolor(rangi)
    kalamu.begin_fill()
    kalamu.circle(nusukipenyo)
    kalamu.end_fill()
```

Ile `y - nusukipenyo` isikupite. Methodi ya `circle` haianzii katikati ya duara, inaanzia ukingoni, na kitovu kinakuwa upande wa kushoto wa kobe. Kobe wetu anatazama kulia, kwa hiyo kushoto kwake ni juu. Ndiyo maana tunamshusha kwanza hadi sakafu ya duara. Usipofanya hivyo, magurudumu yatapanda hadi madirishani.

Hatua ya tatu: taksi moja, halafu ya pili

Jaribu mistari hii miwili:

```
mstatili(-250, 80, 160, 70, "white")
duara(-215, 80, 16, "black")
```

Bodi na gurudumu moja. Sasa nikikuambia uweke taksi nyingine pembeni, utanakili kila kitu na kuanza kupiga hesabu: -250 iwe 20, -215 iwe 55... Taksi ya tatu utakosea namba moja na gurudumu litabaki barabarani peke yake. Fanya zoezi hili kweli, usiliruke. Nataka uchoke.

Hatua ya nne: klasi

Umechoka? Tazama sasa. Kila taksi inatofautiana na nyingine kwa jambo moja tu, mahali ilipo. Mengine yote yanapimwa kutoka hapo.

```
class Taksi:
    def __init__(self, x, y):
        self.x = x
        self.y = y

    def chora_bodi(self):
        mstatili(self.x, self.y, 160, 70, "white")

    def chora_mkanda(self):
        for safu in range(2):
            for i in range(16):
                if (i + safu) % 2 == 0:
                    mstatili(self.x + i * 10,
                             self.y + 20 + safu * 10,
                             10, 10, "blue")

    def chora_madirisha(self):
        for i in range(3):
            mstatili(self.x + 10 + i * 50, self.y + 45,
                     40, 18, "lightgray")

    def chora_magurudumu(self):
        for umbali in (35, 125):
            duara(self.x + umbali, self.y, 16, "black")
            duara(self.x + umbali, self.y, 6, "white")

    def chora(self):
        self.chora_bodi()
        self.chora_mkanda()
        self.chora_madirisha()
        self.chora_magurudumu()
```

`__init__` ndiyo inayofanya kazi taksi inapozaliwa: inapokea mahali na kupahifadhi. Methodi nyingine ni mambo ambayo taksi inajua kuyafanya. Mkanda ndio sehemu ninayoipenda: `(i + safu) % 2` inaruka kiraba kimoja kimoja, na safu ya juu inaanza nafasi moja mbele ya ile ya chini. Drafti imekamilika.

Sasa `self`, inayotesa watu. Ukiwa ndani ya taksi Kampala na umefika, unasema "maaso awo" (Kiganda, "hapo mbele") dereva anasimama. Abiria wangapi wanasema neno hilohilo saa hiyohiyo mjini? Lakini inayosimama ni taksi ile neno lilimosemewa. Neno ni moja, taksi ni nyingi. `chora` ni lile neno, `self` ni taksi uliyomo.

Hatua ya tano: jaza stendi

```
stendi = [Taksi(-250, 80), Taksi(20, 80), Taksi(-120, -80)]
for t in stendi:
    t.chora()

turtle.done()
```

Taksi tatu. Ukitaka 10, ongeza mahali saba kwenye orodha. Ukitaka madirisha yawe manne, unagusa methodi moja na taksi zote zinabadilika. Bila `turtle.done()` dirisha linaweza kufunguka na kufunga kabla hujaona kitu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Gulu:* Mwalimu habari. Mimi naambiwa `Taksi.chora_bodi() takes 0 positional arguments but 1 was given`. Hiyo moja nimeipa wapi? Mabano yangu ni matupu kabisa!

Nzuri. Umeandika `def chora_bodi():` ukasahau `self`. Unapoandika `t.chora_bodi()`, Python yenyewe inaipeleka `t` ndani kimyakimya, na methodi yako haina mlango wa kuipokea. Hiyo ndiyo "moja" unayodaiwa. Kosa la ndugu yake ni kuandika `Taksi.chora_bodi()`: hapo utaambiwa `self` inakosekana, maana umepiga kelele "maaso awo" ukiwa umesimama kando ya barabara.

*Mwanachama, Mbale:* Natumia Ubuntu, inasema hakuna `tkinter`.

Maktaba ya turtle inachorea juu ya tkinter, maktaba ya kufungulia madirisha, na kwenye Ubuntu inawekwa peke yake: `sudo apt install python3-tk`.

*Mwanachama, Mwanza:* Shikamoo mwalimu. Nimeongeza methodi ya kuisogeza hiyo daladala (samahani, taksi), lakini inaacha mkia wa daladala nyingine nyuma yake. Nimeandika `self.x = self.x + 5` kisha `self.chora()`.

Marahaba. Methodi yako haina kosa. Taksi imesogea kweli, lakini wino wa zamani bado upo, kama ukutani: kuchora upya hakufuti. Iite methodi hiyo `sogea`, ipokee umbali na ibadilishe `self.x` tu, uchoraji uufanye nje. Weka hii kabla ya `turtle.done()`:

```
turtle.tracer(0)
for i in range(40):
    kalamu.clear()
    stendi[2].sogea(5)
    for t in stendi:
        t.chora()
    turtle.update()
```

`clear` inafuta kila kilichochorwa na kalamu hiyo, hata taksi zilizosimama, ndiyo maana tunazichora zote tena. `tracer(0)` inazuia skrini isionyeshe kila mstari unapochorwa, na `update` inatoa picha ikiwa kamili. Bila hizo mbili utaona mweko wa kuumiza macho. Njia nyingine ni kuipa kila taksi kalamu yake ndani ya `__init__`, lakini hapo `mstatili` na `duara` itabidi zipokee kalamu pia. Jaribu ukiwa na nafasi.

*Mwanachama, Kasese:* Nataka kuchora bendera yetu. Nitengeneze `class Bendera`?

Unachora ngapi? Kama ni moja, funksheni inatosha. Klasi si pambo, mimi huiandika nikiona vitu viwili au zaidi vyenye sura moja. Milia ni sita, nyeusi, njano, nyekundu, kisha inarudia:

```
for i, rangi in enumerate(["black", "yellow", "red"] * 2):
    mstatili(-180, 80 - i * 40, 360, 40, rangi)
duara(0, 0, 40, "white")
```

Vipimo 360 kwa 240 vinatoa uwiano wa 3 kwa 2, na duara linakaa juu ya milia miwili ya katikati. Ukiona vimistari vyeusi kati ya rangi, ongeza `kalamu.pencolor(rangi)` ndani ya `mstatili`. Korongo wa ndani ya duara namwachia mwenye subira kuliko mimi. Ukimaliza kumchora hakikisha anatazama upande wa mlingoti, na mguu mmoja uwe juu.