SOMO: Jinsi ya kumkagua fereti wako kabla ugonjwa haujamzidi

Wakuu, fereti (kamnyama kadogo ka kufugwa, jamii ya kicheche) anaficha ugonjwa mpaka hali iwe mbaya kabisa, kwa hiyo usisubiri aonekane anaumwa, mkague kila wiki.

Hatua ya 1: Mpime kwa mizani ya jikoni, andika kwenye simu. Baridi ikiingia wengi wananenepa kidogo, hiyo kawaida, ila akipungua mfululizo kuna kitu.

Hatua ya 2: Manyoya. Yakianza kupukutika mkiani kupanda kiunoni, au jike aliyeshafungwa kizazi anavimba sehemu za siri, mara nyingi ni ugonjwa wa tezi za juu ya figo. Dume akihangaika kukojoa mkojo hautoki, hiyo ni dharura, usilale nayo.

Hatua ya 3: Miguu ya nyuma, na hapa naomba msome taratibu. Akiwa analegea nyuma, mate yanamtoka, anajikwangua mdomo, anakodolea macho hewani kama hakuoni, sukari imeshuka, na kwa fereti wa miaka 3 kwenda juu mara nyingi ni uvimbe kwenye kongosho unaomwaga insulini (homoni inayoshusha sukari) ovyo. Mpake asali kidogo kwenye fizi (akiwa na degedege usiingize kidole, atakung'ata), akizinduka mpe nyama, usimuongezee vitamu maana sukari ikipanda ghafla insulini inamwagika tena anaanguka upya. Halafu daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Choo. Chakula chake kinapita kwa masaa 3 au 4 tu, kwa hiyo akikaa siku nzima hajapata choo na hataki kula, hisi amemeza raba (kitu cha mpira) au sponji. Wanapenda sana kutafuna raba, ziondoeni jamani.

Na chanjo ya distempa (ugonjwa wa virusi) msiiache, ikimpata haponi.

MASWALI

– Mkuu nina mafua, naweza kumbeba?
Hapana, unamuambukiza. Kirusi cha mafua ya binadamu chenyewe kilitambuliwa 1933 kwa kuwaambukiza fereti. Mwingine amlishe mpaka upone.

– Akiwa na maumivu nimpe paracetamol ya watoto?
Usithubutu, wala ibuprofen, hata kipande kidogo kinaweza kumuua.

– Jike wangu hajafungwa kizazi, kuna shida?
Ipo kubwa. Akiingia kwenye joto bila kupandwa halitoki lenyewe, homoni zinaharibu uboho unaotengeneza damu, anaishiwa damu. Fizi zikiwa nyeupe umeshachelewa, mpeleke sasa hivi wakati bado anacheza.