SOMO: Kikuza mwanga cha semikonda (SOA), leza iliyozuiwa isiwe leza

Mafundi wa faiba mnaifahamu EDFA (kikuza mwanga cha faiba iliyotiwa erbiamu), kwa kuwa ndiyo inayosukuma mwanga kwenye mikongo ya baharini inayotua Mombasa na Dar es Salaam. SOA hamuioni, maana mara nyingi imejificha ndani ya moduli mnayoichomeka kwenye swichi. Nachukulia desibeli mnazijua: dB 3 ni mara mbili, dB 10 ni mara kumi, dB 20 ni mara mia.

Hatua ya 1: Anza na leza. Chipu za mawasiliano za nanomita 1310 na 1550 hujengwa juu ya indiamu fosfaidi. Umeme ukipita, elektroni hupanda ngazi ya juu ya nishati. Fotoni ikiipitia elektroni iliyo juu, huichochea ishuke, nayo ikishuka hutoa fotoni pacha: wimbi lilelile, mwelekeo uleule. Einstein alilieleza jambo hili mwaka 1917, kabla leza yoyote haijawaka.

Hatua ya 2: Ondoa vioo. Nyuso mbili za chipu huakisi karibu 30% ya mwanga, hivyo mwanga huenda na kurudi mpaka leza inawaka yenyewe. Kwenye SOA hatulitaki hilo. Nyuso hupakwa utando wa kuzuia uakisi, na njia ya mwanga huchorwa kwa mshazari ili kidogo kinachoakisiwa kisirudi kilikotoka. Mwanga unaingia huku, unapita mara moja, unatoka kule umekuzwa. Yote hayo ndani ya urefu wa milimita moja hivi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya njia. Kilomita 60 kwenye nanomita 1310, kwa upotevu wa dB 0.35 kila kilomita, ni dB 21. Weka dB 2 za konekta na splaisi: 23. Ukituma +4 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1), kinachofika ni −19 dBm. Kipokezi kinachotaka angalau −12 hakitaona kitu. Weka SOA ya dB 15 mbele yake, kinapata −4. EDFA hapa haikusaidii, kwani erbiamu hukuza mwanga wa karibu na nanomita 1550. SOA huchaguliwa wimbi lake kwa kubadilisha mchanganyiko wa semikonda.

Hatua ya 4: Usiishibishe. Hapa ndipo wengi huharibu. Akiba ya elektroni ndani ya chipu ni ndogo, na ikimalizwa hujaa tena kwa muda usiofika nanosekunde moja. Biti moja ya 10 Gb/s (gigabiti 10 kwa sekunde) hudumu pikosekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya nanosekunde. Kwa hiyo biti yenye nguvu inakomba akiba, na inayoifuata inakuta chungu kitupu: inakuzwa kidogo kuliko mwenzake. Mawimbi manne yakipita pamoja, kila moja linamwibia jirani. Erbiamu haina tabu hii, kwa sababu hukaa juu kama milisekunde 10, biti zinapita haizihisi. Dawa ni kuingiza mwanga hafifu, na ndiyo maana SOA hupendwa kwenye upande wa kupokea, kama ndani ya moduli za 100G (gigabiti 100 kwa sekunde) za kilomita 40 (ER4).

Kasoro hiyohiyo ina wateja wake. Pitisha data yenye nguvu pamoja na mwanga tulivu wa wimbi jingine, na ule mwanga tulivu utatoka umebeba data ileile, ikiwa imegeuzwa. Ukikata umeme, chipu inameza mwanga. Basi umepata swichi ya kasi ya nanosekunde.

Hatua ya 5: Joto kwanza, umeme baadaye. Chipu ikipata joto, ukuzaji unashuka. Washa kipoza cha Peltier (kibamba kinachopoza kwa umeme), subiri joto litulie, ndipo upandishe mkondo taratibu. Vaa kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli.

Nje ya mitandao, utaikuta kwenye mashine za kupiga picha za retina na kwenye baadhi ya vipima umbali vya leza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kama ni ndogo hivyo, mbona hawaiweki baharini?*
Kelele, ndugu. SOA huongeza kelele kuliko EDFA, na mkongo mrefu una vikuza vingi mfululizo, kila kimoja kinaongeza yake. Pia mawimbi mengi yangeibiana. Utafiti haujalala lakini: mwaka 2017 watafiti wa Nokia Bell Labs walipitisha zaidi ya Tb/s 100 kwa kilomita 100 wakitumia SOA zenye upana wa nanomita 100.

*Sijaingiza mwanga wowote, ila pawa mita inasoma. Imekufa?*
Nzima kabisa. Elektroni nyingine hushuka zenyewe, na mwanga wake unakuzwa njiani. Pawa mita haitofautishi mawimbi, hivyo pima ukuzaji kwa kichambuzi cha spektra. Na usichungulie konekta. Mwanga huo hauonekani, lakini unaumiza jicho.

*Mwalimu, wateja wangu wa GPON (mtandao wa faiba wa wateja wengi kwenye laini moja) wako mbali na OLT (kifaa cha upande wa mtoa huduma) kuliko kilomita 20. SOA moja itatosha?*
Moja haitoshi. Kushuka kwa mteja ni nanomita 1490, kupanda kwenda OLT ni 1310, kwa hiyo utahitaji mbili na vichujio vya kutenganisha pande zote. Anza na upande wa kupanda, huko ndiko mwanga hufika ukiwa hoi. Halafu mpime mteja wa karibu kuliko wote, yeye ndiye atakayeishibisha chipu.