Somo: Kumpata wakili anayeijua sheria ya michezo ya kubahatisha (Tanzania Bara)

Hakuna cheti cha "wakili wa kamari". Aliyeandikishwa anaweza kushika kesi ya shamba asubuhi na ya kasino mchana. Kupima kama anaijua Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ni kazi yako wewe mteja.

1. Jua unachotaka. Kuomba leseni, kutetea leseni inayotaka kufutwa na kudai mkeka (tiketi ya ubashiri) uliotiki, yaani ulioshinda, ukagomewa malipo ni kazi tatu tofauti. Bingwa wa mahakamani huenda hajawahi kupeleka faili Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayotoa leseni hizo (hapa chini "Bodi").

2. Hakiki jina. Ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama, uone kama leseni yake ya uwakili iko hai. Huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo aliyekuwa sawa Novemba usimwamini kwa mazoea Februari. Vishoka, yaani mawakili feki, hujificha nyuma ya jina la wakili halisi: piga ofisini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye.

3. Mhoji. Hapa usiharakishe. Muulize: "Nina leseni ya ubashiri wa matokeo, naweza kuweka sloti (mashine za kubahatisha) humohumo?" Anayejua atakwambia kila aina ya mchezo ina leseni yake, kisha naye atakuuliza wanahisa ni akina nani na mtaji umetoka wapi, maana Bodi huwachunguza wamiliki, si makaratasi tu. Muulize pia kodi ya michezo inalipwa wapi. Akijibu "Bodi", amepitwa: TRA (Mamlaka ya Mapato) ndiyo inayokusanya tangu 2017. Mwisho, kama unadai kampuni, ajibu wazi iwapo amewahi kuitumikia.

4. Ada iandikwe. Tenga malipo ya wakili na ada za serikali. Za serikali hulipwa kwa kontroli namba. Idai yenye jina la kampuni yako, ulipe mwenyewe. Ukizituma kwenye simu ya wakili, huna cha kuonyesha zisipofika. Na anayejinadi "nina mtu wangu Bodi", muage hapohapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Wakuu, akaunti yangu imefungwa ikiwa na laki tisa. Nitafute wakili?

Jibu: Bado, mkuu. Lalamika kwa kampuni kwa maandishi, ukiambatanisha namba ya mkeka, picha ya skrini yenye tarehe na ujumbe wa muamala. Wasipojibu, peleka hivyohivyo Bodi. Ada ya wakili inaweza kuimeza hiyo laki tisa yote. Ila soma masharti kwanza: kama ulifungua akaunti mbili, au ulitumia laini ya ndugu yako, wakili hana miujiza.

Swali: Na kama kampuni haina leseni ya Tanzania?

Jibu: Hapo ni pagumu. Hakuna leseni ambayo Bodi ingeitumia kuibana kampuni hiyo, na hukumu ya Dar haina cha kukamata kama mali zote ziko nje. Tafuta kwanza imesajiliwa wapi, ndipo uamue kama deni linastahili gharama za wakili wa huko.

Swali: Biashara yangu iko Unguja, hatua ni hizihizi?

Jibu: Namna ya kumhoji ndiyo hiyo, sheria siyo. Sura ya 41 ni ya Bara. Zanzibar ina sheria zake na mawakili wake, tafuta wa hukohuko.