Jinsi ya kumnunua Pullip wa Sailor Moon kutoka Japani usije ukaletewa mdoli nusu

Niko Dar, nimeshaagiza Pullip kadhaa na inbox yangu imejaa swali moja tu, wa Sailor Moon anapatikanaje. Haya, tukae tuelewane.

Kwanza mjue unayemnunua. Pullip ni mdoli wa kichwa kikubwa na mwili mwembamba, urefu kama sentimita 31, alianzia Korea mwaka 2003. Huyu wa Usagi, yaani Sailor Moon mwenyewe, yule binti wa katuni ya Kijapani, aliletwa na kampuni ya Groove ya Japani mwaka 2014, kwa hiyo wengi utakaowakuta sasa hivi wameshapita mikononi mwa mtu. Uzuri wake ni macho. Nyuma ya kichwa kuna vijiti vidogo, ukisogeza kimoja anaangalia kushoto na kulia, ukibonyeza kingine anafumba. Yaani anakutazama kweli!

Hatua ya pili, tafuta kwa Kijapani. Kopi haya maneno プーリップ セーラームーン uyabandike kwenye masoko ya mtandaoni, Mercari ya Japani au Yahoo Auctions, ndo utaona wanavyouziana wenyewe kwa wenyewe. Halafu yazoee haya: 未開封 boksi halijafunguliwa, 中古 ametumika, 箱なし hana boksi, 欠品 kuna vitu vimepungua, ジャンク ni mbovu na anauzwa hivyo hivyo alivyo. Ukiona hilo la mwisho pita, labda kama unataka vipuri.

Tatu ni picha, na hapa naomba usiwe na haraka kabisa. Wa kwanza wangu nilimpata kwa bei nzuri, uso msafi, nywele zimetulia, nikalipa usiku huo huo. Amefika, namvua zile buti nyekundu, miguu imeingia rangi mpaka magotini, na glavu ni moja tu. Nilisikia vibaya sana jamani. Rangi ya nguo ikishazama kwenye plastiki sabuni haiitoi, na glavu ya Sailor Moon huipati Kariakoo. Ndo maana siku hizi naomba picha amevuliwa buti, picha ya kisogo, picha macho yamefumbwa, na vitu vyote vimepangwa mezani nivihesabu kimoja kimoja, taji, glavu mbili, buti mbili, stendi, nikilinganisha na picha za boksi jipya. Muuzaji akikataa kupiga picha namwacha, hata awe wa bei gani.

Nne, malipo. Wauzaji wengi kule hawatumi nje ya Japani, inabidi upitie wakala kama Buyee, anakununulia, mzigo unafika ghalani kwake, halafu unalipa tena usafiri wa kuja huku. Duka la Mandarake wao wanauza vya mtumba na wanatuma wenyewe. Kadi ya Visa inatosha. Ila piga hesabu yote kabla hujabonyeza, bei ya mdoli, ada ya wakala, usafiri wa ndani ya Japani, usafiri wa nje. Boksi la Pullip ni kubwa ila jepesi, na EMS, ile huduma ya haraka ya posta, inatoza kwa uzito wakati kampuni nyingi za kurier zinaangalia na ukubwa wa boksi, hapo tofauti inaweza kukushtua. Mzigo ukifika bandarini au Posta, VAT ya 18% haikatwi kwenye bei ya mdoli peke yake, wanajumlisha na usafiri, bima na ushuru. Na usimwombe mtu aandike bei ya uongo, mzigo ukipotea utalipwa hicho hicho kilichoandikwa.

Akifika rekodi video toka unakata selotepu. Wigi usilivute, limegundishwa kiwandani. Vijiti vya macho vikiwa vigumu usilazimishe, sogeza taratibu.

Mweke mbali na dirisha, jua linapausha. Wangu nimemvalisha soksi nyeupe nyembamba ndani ya zile buti, na kila baada ya wiki mbili tatu namvua naangalia magoti.